Tandiko, Kamba na Kibao: Kutatua Matatizo ya Mwindaji Anayehama Mti kwa Mti

Wawindaji wengi wa kulungu mkia-mweupe huko Marekani wameacha kufunga dungu moja mtini mwezi wa nane na kulirudia mpaka msimu uishe. Kulungu hujifunza haraka. Akishanusa harufu ya mtu mara mbili tatu chini ya mti uleule, hupitia kwingine au husubiri giza liingie. Ndiyo maana watu wamehamia kwenye tandiko: mkanda mpana wa kitambaa unaokaa makalioni, kamba inayokufunga kwenye shina, vipande vitatu au vinne vya ngazi, na kibao kidogo cha kusimamia. Vyote unavibeba mgongoni. Unapanda mti unaokufaa siku hiyo, na jioni unaondoka bila kuacha kitu.

Uhuru huo una gharama yake. Aliyefunga dungu la msimu mzima alikuwa na nafasi moja ya kukosea. Anayehama ana nafasi hiyo kila anapotoka, mara nyingi gizani, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi. Kwa hiyo naanza na dalili, maana ndizo unazoziona na kuzisikia ukiwa juu, halafu tunatafuta chanzo. Yanayoua yanatangulia, yanayokera yanafuata.

Tukubaliane majina kwanza. Kamba ya kiuno ni ile inayozunguka shina na kurudi kwenye vitanzi viwili vya nyongani wakati unapanda. Kamba ya juu hufungwa kwenye shina ukishafika, nawe unajining'iniza kwayo. Daraja ni kamba fupi iliyo mbele ya tandiko, inatoka nyonga hii hadi nyonga ile, na karabina (pete ya chuma yenye mlango unaofunguka) ya kamba ya juu huingia hapo.

Fundo linateleza ukiliwekea uzito

Urefu wa kamba ya juu na ya kiuno hurekebishwa kwa fundo la msuguano. Linalotumika zaidi lina jina la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria aliyelieleza mwaka 1931. Ukilivuta linaiuma kamba, ukilegeza unaweza kulisogeza kwa vidole. Likianza kuteleza, shuka hadi kwenye kipande cha ngazi, simama juu ya miguu yako, ndipo uchunguze.

Tazama unene kwanza. Uzi wa fundo lazima uwe mwembamba kuliko kamba kuu. Uzi wa milimita 8 kwenye kamba ya milimita 11 unashika vizuri, lakini uzi wa milimita 8 kwenye kamba ya milimita 8 ni kujidanganya. Wanunuzi wengi hubadilisha kamba kuu wakachukua nyembamba ili kupunguza mzigo, kisha wakabaki na uzi uleule wa zamani. Kosa hilo halionekani dukani.

Kama unene uko sawa, lishike fundo karibu na macho, uliwekee taa. Unapaswa kuona mizunguko mitatu juu, mitatu chini, na uti mmoja unaokatiza katikati kwa mbele. Mizunguko yote ilale sambamba. Mmoja ukiwa umempanda mwenzake, fundo halishiki sawasawa hata kama umbo lake kwa mbali linaonekana zuri. Lilegeze, uilaze mizunguko kwa kidole gumba, ulikaze tena.

Chanzo cha tatu ni aina ya uzi. Dyneema, aina ya uzi wa viwandani, ni imara ajabu kwa wembamba wake, ndiyo maana inapendwa kwa madaraja na vitanzi vya miguu. Lakini inateleza, na inayeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, wakati nailoni huvuka 200. Fundo la Dyneema likiteleza ghafla chini ya uzito wa mtu, msuguano wenyewe unaweza kuliharibu. Kwa fundo la kubana tumia nailoni au uzi wenye ganda la aramidi, nyuzi zinazohimili joto.

Halafu kuna maji na barafu. Mwezi wa kumi na moja kamba iliyonyeshewa mchana hugeuka ngumu kama waya usiku. Ongeza mzunguko mmoja, wafike wanne kila upande. Na iwe mvua au jua, kila unapopanda, jaribu uzito wako wote ukiwa bado mita moja tu kutoka ardhini. Keti kabisa, nyanyua miguu, tikisa kiuno. Jaribio hilo halichukui hata dakika.

Fundo likikataa kusogea kabisa, tatizo ni dogo zaidi. Limebanwa na uzito au limelowa. Ondoa uzito, usukume ule uti wa katikati kwa kidole gumba mpaka mizunguko ipumue. Usilikate kwa kisu ukiwa juu. Nasema hivi kwa sababu kisu karibu na kamba iliyokazwa hakihitaji nguvu yoyote kuikata.

Na kila kamba, mwishoni kabisa, iwe na fundo la kizuizi. Bila hilo, fundo la msuguano linaweza kuponyoka ncha ya kamba gizani.

Kamba ya juu imelegea

Hapa watu hawaoni dalili yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. Umesimama kwenye kibao, unajisikia huru, kamba inaning'inia kifuani kama tai. Unageuka kuchukua upinde, mguu unateleza, unaanguka mita nzima kabla kamba haijakushika.

Kamba za tandiko hazinyooki sana. Zimetengenezwa kwa kuning'inia, tofauti na zile za wapanda miamba zinazorefuka na kupunguza mshtuko. Karabina nzuri imeandikwa kilonewtoni 22 au zaidi, yaani inahimili zaidi ya kilo 2,000 za mvuto, lakini uti wa mgongo wako haujaandikwa namba hiyo. Kwa hiyo kamba ibaki imekazwa muda wote. Ukisimama wima, ifupishe, ukikaa, irefushe. Fundo lake liwe mahali mkono wako unapofika bila kutafuta.

Kosa linalofanana na hili hutokea wakati wa kubadilisha kamba. Mtu anafika juu, anafungua kamba ya kiuno ili imwachie nafasi ya kufunga ya juu. Kwa sekunde kadhaa hana kitu. Utaratibu ni huu na haubadiliki: funga ya juu, ikaze, keti juu yake, hakikisha, ndipo ufungue ya kiuno. Kukiwa na tawi la kuruka katikati ya shina, fanya vivyo hivyo: kamba ya pili ipite juu ya tawi kabla ya ile ya kwanza kufunguliwa. Kutoka ardhini mpaka kurudi ardhini kuna kamba moja angalau iliyokushika.

Kipande cha ngazi kinazunguka, au kinaruka kutoka kwenye shina

Kikizunguka kushoto au kulia unapokanyaga, mkanda haukukazwa vya kutosha au meno ya kipande hayajauma gome. Njia ya kukifunga ni kuupitisha mkanda, kuukaza kwa nguvu huku kipande kimeinuliwa kidogo, kisha kukisukuma chini kwa uzito wa mkono au mguu mpaka kikae. Ule mwendo wa sentimita chache kwenda chini ndio unaokaza mkanda kuliko mkono wako unavyoweza. Ukisikia kimya na kuona kimekaa wima, kanyaga polepole.

Kikiruka sehemu ya chini kuelekea kwako, tazama unakanyaga wapi. Mguu uliowekwa kwenye ncha ya kikanyagio, mbali na shina, unafanya kipande kiwe wenzo wa kujing'oa. Mguu ukae karibu na mti, goti liguse shina. Ukiwa na kitanzi cha mguu kinachoning'inia chini ya kipande ili kuongeza hatua, hatari hii inaongezeka, kwa sababu mguu kwenye kitanzi hupenda kukimbilia mbele. Kisukume kitanzi kwenye shina kwa ncha ya buti kabla hujasimama juu yake.

Wakati mwingine kosa ni la shina lenyewe: limepinda, lina nundu, au linapungua unene ghafla. Kipande kinagusa sehemu moja tu badala ya mbili. Sogeza sentimita kumi juu au chini, au zunguka upande. Hapo usitumie nguvu, tafuta mahali pengine.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie vikanyagio vya chuma vinavyoingizwa ndani ya mti kwa skrubu, au miiba ya buti kama mafundi wa umeme. Kwenye ardhi ya umma majimbo mengi yanakataza kitu chochote kinachotoboa gome, na Michigan ni mojawapo. Mkwezi wa pwani yetu hukata vidato kwenye mnazi kwa sababu ni mnazi wa shamba, na mnazi huvumilia. Mwaloni una uhai wake chini ya gome tu, na kila tundu ni mlango wa kuvu. Sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Gome linabanduka, mti unalia, vumbi linadondoka

Usiendelee. Hakuna kifaa kinachorekebisha mti mbovu.

Ninaloogopa kuliko yote ni miti ya ash, miti mirefu ya misitu ya huko. Mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002, na tangu hapo ameua ash kwa mamilioni katika majimbo ya mashariki na kati. Mti huu ukishakufa hukauka na kuwa mwepesi kuvunjika, tena huvunjika bila kuonya. Kwa bahati mbaya shina lake ni nyoofu, lina unene mzuri, halina matawi ya chini: ndilo hasa shina ambalo jicho la mwindaji hulipenda kwa mbali. Ukikuta gome limebanduliwa na vigong'ota likaacha mabaka meupe, au matundu madogo yenye umbo la herufi D, au machipukizi mengi yametoka chini ya shina huku juu hakuna kitu, pita.

Kwa miti mingine, piga shina kwa kiganja au kwa mpini wa kisu. Sauti ya uwazi ni shimo ndani. Uyoga uliotoka kwenye shina au kwenye mizizi unaonyesha kuoza, hata kama majani ya juu ni mazuri. Hikori wenye gome la vipande vipande ni mti imara, lakini gome lake linakatika chini ya mkanda na lina kelele. Msonobari unafaa kwa kujificha, ila utomvu wake utakaa kwenye kamba zako msimu mzima.

Tazama pia mitambaa. Mtambaa wa majani matatu, ule unaowasha ngozi vibaya, unapopanda shina huwa na mizizi kama nywele nyingi za kahawia. Majani yakishapukutika mafuta yake bado yapo, na yanahamia kwenye kamba, kisha kwenye mikono, kisha kwenye macho. Mti huo uache.

Kibao kinashuka au kinatoa mlio

Mlio wa mara moja unapokanyaga mara ya kwanza ni wa kawaida: meno yanauma gome. Mlio unaorudia kila unapohama mguu unasema kibao hakijakaa. Chanzo ni kilekile cha vipande vya ngazi. Kifunge kikiwa kimeinama juu kidogo, kaza mkanda, kisha kikanyage kishuke hadi usawa. Kama kinakaa usawa tangu mwanzo, kitaishia kimeinama chini, nawe utasimama kwa vidole kutwa nzima.

Mkanda ukiwa umejisokota nyuma ya shina, hukaza sehemu moja na kulegea nyingine. Huwezi kuuona gizani, kwa hiyo upitishe kiganja nyuma kabla ya kukaza. Na bizimu isikae juu ya nundu wala ukingoni mwa kibao, maana inaweza kufunguka.

Soma pia kibandiko cha uzito. Vibao na vipande vingi vya Marekani vimeandikwa pauni 300, yaani kilo 136 hivi, na hiyo ni pamoja na nguo za baridi, buti, begi na upinde. Mtu wa kilo 115 akivaa nguo za mwezi wa kumi na mbili na kubeba vitu vyake anaweza kuifikia.

Nyonga zinabanwa, magoti yanauma, miguu imekufa ganzi

Watu wengi huuza matandiko yao kwa sababu ya maumivu ambayo yangeisha kwa kusogeza kamba sentimita kumi. Nalisikitikia hili, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Nyonga kubanwa kutoka pembeni mara nyingi husababishwa na daraja fupi. Daraja likiwa fupi, vitanzi viwili vinavutwa kuelekeana, navyo vinaiminya nyonga. Lirefushe kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, ila lisifike mahali ambapo karabina huifikii kwa mkono. Kama bado kunauma, lishushe tandiko: ukingo wa juu uwe chini ya mkanda wa suruali na ukingo wa chini ushike mapaja ya nyuma. Wanaoanza hulivaa juu mno, kama mshipi.

Magoti yanauma pale kamba ya juu ilipofungwa juu sana au imefupishwa sana, kiasi kwamba mwili unasukumwa kwenye shina. Anza na kamba iliyofungwa usawa wa paji la uso ukisimama. Ukitaka kuegemea ukiwa umesimama, ishushe kidogo. Ukitaka kukaa zaidi, ipandishe, na uvae vilinda magoti vizito. Miguu inauma kwa kinyume chake: kamba iko chini, nawe unaibebesha miguu mzigo wote. Buti laini zinaongeza maumivu hayo, hasa kibao kikiwa chembamba.

Ganzi mapajani inatokana na ukingo wa tandiko au mikanda ya miguu iliyokazwa kupita kiasi. Ganzi isivumiliwe. Badilisha mkao, simama dakika chache, egemea upande. Tandiko lilitengenezwa kwa mtu anayebadilisha mikao siku nzima, na anayekaa mkao mmoja tangu alfajiri atateseka hata kwenye tandiko ghali kuliko yote.

Unabembea, au kulungu ametokea upande usiouweza

Mti ulioinama pembeni utakurudisha upande wa chini kila unapojaribu kukaa. Huwezi kushindana na uzito wako mchana kutwa. Chagua mti ulionyooka, au uhamishe kila kitu upande ambao mwinamo uko mbele yako.

Kwa anayevuta upinde kwa mkono wa kulia, mashuti rahisi yako kushoto kwake akiwa ameutazama mti. Kwa hiyo kabla ya kufunga kipande cha kwanza, jiulize kulungu anatarajiwa kutoka wapi, halafu zunguka shina mpaka mahali hapo pawe kushoto. Akitokea kulia bado inawezekana: sukuma kwa mguu, zunguka nyuma ya shina, au geuka na kupitisha upinde juu ya daraja. Fanya zoezi hili nyumbani, mita moja kutoka ardhini, mpaka mwili uzoee.

Kelele

Chuma kwa chuma ndiyo sauti inayosafiri. Asubuhi tulivu ya baridi, karabina ikigonga kipande cha alumini, kulungu aliye mbali ameshasimama na kuinua masikio. Viringisha tepu ya kitambaa kwenye vikanyagio na kwenye nguzo za vipande, hasa pale vinapogusana begini. Ncha za mikanda zifungwe kwa raba. Bolti zilizolegea zinalia. Zikaze kabla ya msimu na uweke nati zenye nailoni ndani ambazo hazifunguki.

Umeteleza, unaning'inia, huwezi kurudi kwenye kibao

Kuning'inia bila kusogea katika mikanda kunakusanya damu miguuni, na mtu anaweza kuzimia ndani ya muda mfupi. Beba kitanzi cha mguu mfukoni mwa kifua. Kikiingia kwenye kamba ya juu kwa fundo la Prusik, unasimama ndani yake, damu inatembea, kisha unapata mkono wa kujivuta. Ukiwa huna, sukuma shina kwa miguu na piga teke hewani mfululizo. Simu nayo ikae kifuani, kwa sababu begi liko kwenye ndoano ambayo huifikii. Kabla ya kutoka nyumbani mwambie mtu uko msitu gani na utarudi saa ngapi.

Kamba na mikanda imechoka lini?

Ipitishe kamba nzima kati ya vidole, bila glovu. Unatafuta sehemu laini iliyopoteza mviringo, sehemu ngumu inayong'aa kwa kuyeyuka, au nyuzi za ndani zinazochungulia. Ukiona moja kati ya hizo, ikate vipande ili mtu asiiokote na kuitumia. Usiihifadhi garini karibu na betri: asidi huila nailoni bila kubadilisha rangi yake. Panya nao hupenda kamba zenye chumvi ya jasho. Petzl, kampuni ya Ufaransa ya vifaa vya kupandia, huweka kikomo cha miaka 10 kwa vifaa vyake vya nguo hata kama havijatumika, na sioni sababu ya kumwamini mwingine anayesema zaidi.

Umeshuka kwa kamba, lakini kamba haitoki mtini

Wanaopanda kwa kipande kimoja tu wakikihamisha hatua kwa hatua hushuka kwa kamba ndefu iliyokazwa kwenye shina kwa kitanzi, kisha huivuta kwa uzi mwembamba uliofungwa kwenye kitanzi hicho. Ikikataa, chanzo ni kimoja kati ya vitatu. Uzi umejizungusha kwenye kamba wakati unashuka: zunguka mti upande wa pili na uvute tena. Kitanzi kimekaa juu ya kisiki cha tawi: tikisa kamba ifanye wimbi linalopanda, kisha vuta. Au gome limelowa na kuibana: vuta polepole na kwa uzito, ukiwa umejitenga na shina, kwa sababu karabina ya kitanzi ikiachia itakuja usoni.

Ikikataa kabisa na giza limeshaingia, iache. Rudi kesho mchana na vipande vyako vyote vya ngazi na kamba ya kiuno, upande kama kawaida na kuifungua. Usiipande kamba ambayo hujui imeshikwa na nini.